Mchongaji Mhamiaji na Polisi wa Shaba: Johannes Gelert na Kumbukumbu za Haymarket

Kila tarehe 1 Mei wafanyakazi wa Tanzania huandamana, hubeba mabango na kusikiliza hotuba. Ukiwauliza makada wetu chimbuko la siku hiyo, wengi watajibu bila kusita kwamba ni Chicago, Marekani, mwaka 1886, na kwamba makabwela wa huko walimwaga damu yao wakidai siku ya kazi ya saa 8. Jibu hilo ni sahihi. Lakini ni wachache wanaojua kwamba sanamu ya kwanza iliyosimamishwa mahali pale damu ilipomwagika ilikuwa ya polisi, na kwamba aliyeifinyanga alikuwa mhamiaji, mtu wa kazi za mikono, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu katika nchi hiyo.

Mtu huyo aliitwa Johannes Gelert. Wanaoandika juu ya mapambano ya wafanyakazi humtaja kwa haraka, mara nyingi kwa dharau, kisha wakaendelea na mambo mengine. Makala haya yanakusudia kukaa naye kidogo, kwa sababu maisha yake na sanamu zake zinatuwezesha kulichambua swali ambalo linatuhusu sisi sote tunaosimamisha minara ya kumbukumbu, kutoa majina ya barabara na kuagiza sanamu za viongozi: sanamu ya hadharani inasema kwa niaba ya nani? Je, ni ya fundi aliyeitengeneza, ya tajiri aliyeilipia, ya serikali iliyotoa kiwanja, au ya umma unaopita mbele yake kila siku ukienda kazini?

Mtu kutoka mpakani

Johannes Sophus Gelert alizaliwa Desemba 1852 katika kijiji cha Nybøl, jimbo la Schleswig, katika mpaka wa Denmark na nchi za Wajerumani. Kwa miaka mingi jimbo hilo liligombewa na wafalme wa pande mbili bila wakulima wake kuulizwa wanataka nini. Mwaka 1864, kijana Gelert akiwa bado hajafikisha miaka 12, majeshi ya Prussia na Austria yaliivamia Denmark. Vita kubwa ilipiganwa mwezi Aprili katika vilima vya Dybbøl, karibu kabisa na kijiji alikozaliwa. Denmark ilishindwa, na Schleswig ikachukuliwa. Familia ya Gelert ikahamia Copenhagen.

Huko alifundishwa kwanza kazi ya kuchonga mbao, na baadaye akaingia katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Mpangilio huo ni wa kuzingatiwa. Alianza kama fundi, mwenye patasi na nyundo mkononi, ndipo akawa msanii mwenye cheti. Lakini Ulaya ya wakati ule ilikuwa na wachongaji wengi na kazi chache. Kama mamilioni ya Wazungu wengine wa karne ya 19, wakulima wasio na ardhi, mafundi waliopokonywa riziki na mashine, askari walioacha jeshi na vijana wasiotaka kuingizwa jeshini, Gelert alipanda meli kwenda Marekani. Alifika mwaka 1887 na kuweka makao Chicago.

Mwaka huo haukuwa wa kawaida katika mji huo. Tarehe 11 Novemba 1887 serikali iliwanyonga viongozi 4 wa wafanyakazi.

Chicago na siku ya saa 8

Ili kuielewa kazi aliyopewa mchongaji huyu, hatuna budi kurudi nyuma mwaka mmoja na nusu. Chicago ilikuwa imeungua mwaka 1871, ikajengwa upya kwa kasi kubwa mno. Mwaka 1880 ilikuwa na watu kama nusu milioni, na miaka 10 baadaye ilikuwa imevuka milioni moja. Kati ya kila watu 10, wanne hivi walizaliwa nje ya Marekani: Wajerumani, Waayalandi, Wapolandi, Wabohemia, watu wa Skandinavia. Ndio waliochinja ng'ombe na nguruwe katika machinjio makubwa, waliosubu chuma, waliopakua mbao bandarini, na waliotengeneza mashine za kuvunia katika kiwanda cha McCormick. Siku ya kazi ilikuwa saa 10, 12, na wakati mwingine zaidi, siku 6 kwa wiki.

Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi zaidi ya 300,000 waliweka zana chini kote Marekani wakidai saa 8 za kazi kwa siku. Chicago ndiyo iliyokuwa kitovu. Tarehe 3 Mei polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick na kuwaua. Usiku wa tarehe 4 Mei ukaitishwa mkutano wa kupinga mauaji hayo katika mtaa wa Desplaines, jirani na uwanja wa soko la Haymarket. Meya wa jiji, Carter Harrison, alihudhuria mwenyewe. Aliona mkutano ni wa amani, akapita katika kituo cha polisi kueleza hivyo, akaenda zake nyumbani kulala. Mvua ilikuwa inaanza kunyesha na watu wengi walikwisha kuondoka.

Kama saa nne na nusu usiku, Inspekta John Bonfield aliwatoa kituoni polisi 176 na kuwapeleka juu ya watu mia chache waliobaki. Kapteni William Ward, kwa jina la watu wa Jimbo la Illinois, aliamuru mkutano utawanyike. Msemaji aliyekuwa juu ya gari la kukokotwa, Samuel Fielden, alijibu kwamba wao ni watu wa amani. Hapo mtu ambaye hajajulikana mpaka leo alirusha bomu katikati ya polisi. Polisi Mathias Degan alikufa. Wenzake wakaanza kufyatua risasi ovyo gizani. Polisi 7 walikufa kwa majeraha ya usiku ule, na inakubaliwa na wanahistoria wengi kwamba baadhi yao walipigwa na risasi za wenzao. Wafanyakazi wasiopungua 4 waliuawa, na majeruhi wao hawakuhesabiwa sawasawa, maana waliojeruhiwa waliogopa kwenda hospitali wasije wakakamatwa.

Watu 8 walishtakiwa: August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer, George Engel, Louis Lingg, Samuel Fielden, Michael Schwab na Oscar Neebe. Walijiita waanakisti, yaani watu waliopinga kuwapo kwa dola yenyewe. Hapa si mahali pa kujadili udhaifu wa msimamo huo, ingawa udhaifu ulikuwapo. La muhimu ni kwamba upande wa mashtaka haukumthibitisha hata mmoja wao kuwa ndiye aliyerusha bomu. Walihukumiwa kwa hotuba zao na magazeti yao. Kati ya hao 8, watano walizaliwa Ujerumani na mmoja Uingereza. Magazeti ya mabwanyenye yaliutumia ukweli huo kadiri yalivyoweza: ghasia zimeletwa na wageni, wageni hawana shukrani, wageni wanyongwe. Spies, Parsons, Fischer na Engel walinyongwa. Lingg alifia chumbani mwake gerezani siku moja kabla. Fielden na Schwab walipunguziwa hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha, na Neebe alipewa miaka 15.

Hiyo ndiyo Chicago aliyoikuta Gelert, mhamiaji mpya anayetafuta kazi.

Kazi ya kuagizwa

Mtu anayetunga shairi anahitaji karatasi na kalamu. Mwimbaji anahitaji koo lake tu. Mchongaji wa sanamu za hadharani yuko katika hali tofauti kabisa. Kwanza hutengeneza mfano mdogo kwa udongo. Ukikubaliwa, hufinyanga sanamu kamili kwa udongo juu ya kiunzi cha chuma. Kisha inachukuliwa kalibu ya plasta, halafu sanamu inapelekwa kwa wasubu wa shaba, wenye tanuri, makaa, na vibarua wengi. Baada ya hapo kinahitajika kitako cha jiwe, gari la kubebea, na zaidi ya yote kiwanja chenye ruhusa ya serikali ya mji. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa mikononi mwa Gelert isipokuwa ujuzi wake. Kwa lugha yetu, fundi huyu hakumiliki nyenzo za uzalishaji. Alikuwa na nguvukazi, akaiuza. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mchongaji asiye na mfadhili hubaki na vijisanamu vya udongo vinavyokauka dirishani.

Mfadhili alipatikana. Matajiri wa Chicago, wengi wao kutoka klabu yao ya Union League, wakisaidiwa na gazeti la Chicago Tribune, walichangisha kama dola 10,000 ili kuwajengea polisi mnara wa kumbukumbu. Mmoja wa viongozi wa kamati hiyo alikuwa Richard Teller Crane, mwenye viwanda. Tazama jinsi tabaka linavyojua maslahi yake: watu waliokataa kupunguza siku ya kazi kwa saa mbili bila kukata mshahara, hawakuona tabu kutoa maelfu ya dola kwa ajili ya shaba.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 30 Mei 1889 katika uwanja wa Haymarket wenyewe. Aliyeifunua alikuwa Frank Degan, mtoto wa yule polisi wa kwanza kufa. Kuna jambo ambalo wasemaji wa siku hiyo walikuwa na sababu ya kutolitaja: miezi michache tu kabla, mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1889, Bonfield aliyewaongoza polisi usiku ule na Kapteni Michael Schaack aliyepeleleza kesi walikuwa wameondolewa kazini, baada ya gazeti moja kufichua kwamba walipokea hongo na kujihusisha na mali ya wizi.

Sasa tuiangalie sanamu yenyewe, maana itikadi haimo katika hotuba peke yake. Ni polisi wa shaba, mrefu kuliko mtu wa kawaida, amevaa koti refu la sare na kofia. Amesimama wima, mkono wa kulia ameuinua juu, kiganja kikiwa wazi. Uso wake ni mtulivu. Hana hasira, hana bastola mkononi. Katika kitako yaliandikwa maneno ya kuamuru amani kwa jina la watu wa Illinois.

Kama kazi ya fundi, ni kazi nzuri. Gelert alijua anachokifanya. Mikunjo ya koti ni ya kweli, na mizani ya mwili imetulia. Lakini ni muda gani alioukamata? Aliukamata muda ule mfupi Kapteni Ward alipotoa amri, na akauzuia hapo. Dakika moja mbele tungewaona polisi wanafyatua risasi gizani. Siku moja nyuma tungewaona wanaua mlangoni pa McCormick. Miezi 18 mbele tungeviona vitanzi vinne. Kwa kuchagua dakika hiyo moja na kuigeuza shaba, mnara uligeuza uvamizi kuwa ombi la amani. Tena uliwafanya “watu wa Illinois” wawe upande wa rungu, kana kwamba wale makabwela waliokuwa wakisikiliza hotuba mvuani walikuwa watu wa nchi nyingine. Uongo wa namna hii ni mgumu kuujibu, kwa sababu kila kitu kilichomo ndani yake, ukikitazama peke yake, ni kweli: amri ilitolewa, maneno yalisemwa, polisi walikufa.

Je, basi Gelert alikuwa msaliti wa wahamiaji wenzake? Vijana wetu wa vyuoni hupenda kutoa hukumu ya haraka katika mambo kama haya. Mimi sioni kwamba neno hilo linatusaidia. Alikuwa mgeni mwenye umri wa miaka 36 akihitaji jina katika mji mpya, na kazi ile ilimpa jina. Baada yake zilifuata nyingine. Mwaka 1891 alimaliza sanamu ya Ulysses Grant kwa ajili ya mji wa Galena, Illinois. Grant aliwahi kuishi hapo akiwa muuza ngozi katika duka la baba yake, kabla ya kuwa jenerali wa vita dhidi ya wamiliki wa watumwa na kisha Rais. Gelert alimvika nguo za kiraia, bila upanga na bila farasi, raia kati ya raia. Ni sanamu ya heshima, na kwa maoni yangu inaonyesha kwamba alipopewa nafasi hakuwa mtumwa wa mitindo ya kijeshi.

Mwaka 1896 ilisimamishwa katika bustani ya Lincoln Park, Chicago, sanamu yake ya Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi za watoto, mwana wa fundi viatu wa Odense. Hii haikulipiwa na matajiri wa Union League. Wahamiaji wa Denmark walioko Chicago ndio walioiagiza, kwa kumbukumbu ya nchi yao. Andersen ameketi na kitabu mkononi, na nyuma yake yupo bata maji mkubwa. Mwaka 1897 katika bustani hiyohiyo kikawekwa kichwa cha Beethoven, kazi ya Gelert pia. Kiliibwa mwaka 1970. Baadaye alihamia New York, na katika jumba la Forodha la mji huo, lililokamilika mwaka 1907, ndiye aliyechonga sanamu inayowakilisha Denmark katika safu ya mataifa ya mabaharia. Alifariki mwaka 1923.

Sanamu ya pili

Makaburi ya mjini yalikataa kuipokea miili ya walionyongwa. Ilipokewa Waldheim, nje ya Chicago, makaburi yaliyoanzishwa na Wajerumani na yasiyobagua dini. Maelfu kwa maelfu walijipanga barabarani kuyasindikiza majeneza. Jumuiya iliyoundwa kuzisaidia familia za marehemu ndiyo iliyoanza kukusanya fedha za mnara, kidogo kidogo, kutoka vyama vya wafanyakazi na watu binafsi.

Kazi hiyo alipewa mhamiaji mwingine, Albert Weinert, mzaliwa wa Leipzig, Ujerumani, aliyefika Marekani mwaka uleule wa 1886. Mnara wake ulizinduliwa tarehe 25 Juni 1893. Mbele ya nguzo ya jiwe anasimama mwanamke wa shaba aliyejitanda ushungi, anapiga hatua mbele, na kwa mkono mmoja anaweka taji la majani juu ya kichwa cha mfanyakazi aliyelala amekufa. Chini yameandikwa maneno ya mwisho ya Spies, aliyoyasema kitambaa kikiwa tayari kimefunika uso wake, kwamba utakuja wakati ambapo ukimya wao utakuwa na nguvu kuliko sauti zilizokuwa zikinyongwa siku ile.

Kesho yake, tarehe 26 Juni 1893, Gavana John Peter Altgeld aliwaachilia huru Fielden, Schwab na Neebe. Altgeld naye alikuwa mhamiaji, aliyeletwa kutoka Ujerumani akiwa mtoto mchanga. Katika waraka wake hakuomba huruma. Alieleza kwamba wale waliokaa kuamua kesi walichaguliwa kwa hila, kwamba hatia haikuthibitishwa, na kwamba jaji alikuwa na upendeleo. Magazeti yalimrarua, na hakupata tena ugavana.

Ingekuwa rahisi sana kumalizia hapa kwa kusema: tazameni wahamiaji wawili, mmoja aliwatumikia mabwanyenye na mwingine aliwatumikia wafanyakazi. Wapo walioandika hivyo. Ukweli unakataa. Albert Weinert huyohuyo alitengeneza sanamu ya Rais William McKinley, iliyosimamishwa Toledo, Ohio, mwaka 1903. McKinley aliuawa mwaka 1901, na aliyempiga risasi alijiita mwanakisti. Yaani mkono uleule ulioweka taji juu ya kumbukumbu ya waanakisti wa Chicago, miaka 10 baadaye ulimfinyanga Rais aliyeuawa kwa bastola ya mwanakisti. Weinert pia alifanya kazi ya mapambo katika jumba la Maktaba ya Bunge mjini Washington. Alikuwa fundi kama Gelert, akitafuta kandarasi kama Gelert.

Kwa hiyo tofauti ya minara hii miwili hatuwezi kuitafuta ndani ya mioyo ya wachongaji. Tukiitafuta huko tutaangukia katika uchambuzi wa kibwanyenye, unaoielezea historia kwa tabia za watu mashuhuri. Tofauti iko kwa waagizaji: kamati ya wenye viwanda upande mmoja, na jumuiya ya wajane, mayatima na vyama vya wafanyakazi upande mwingine. Iko pia katika ardhi. Wa kwanza walipewa uwanja wa mji. Wa pili walilazimika kwenda makaburini.

Tramu, rangi na baruti

Lakini kuagiza na kulipa havikutosha. Hapa ndipo umma unapoingia, na hapa historia ya polisi wa Gelert inakuwa, naomba niseme, ya kuchekesha kidogo. Tarehe 4 Mei 1927, siku ya kutimiza miaka 41 ya tukio, tramu iliacha reli na kuugonga mnara kwa kishindo, polisi akaanguka kutoka juu ya kitako. Dereva aliripotiwa kusema kwamba alikuwa amechoka kumwona yule polisi ameinua mkono kila siku. Mwaka 1928 sanamu ikahamishiwa Union Park. Mwaka 1957 ilirudishwa karibu na Haymarket, ikawekwa juu ya jukwaa linalotazama barabara kuu mpya.

Tarehe 4 Mei 1968, wakati wa maandamano ya kupinga vita vya Vietnam, ilimwagiwa rangi nyeusi. Tarehe 6 Oktoba 1969 vijana wa kundi la Weatherman waliilipua kwa baruti. Serikali ya Meya Richard J. Daley iliijenga upya na kuizindua tarehe 4 Mei 1970. Tarehe 6 Oktoba 1970 ikalipuliwa tena. Daley, mtu asiyekubali kushindwa, aliitengeneza mara nyingine na kuiwekea polisi wa kuilinda saa 24, kwa gharama ya zaidi ya dola 67,000 kwa mwaka. Polisi wa nyama na damu wakasimama mvuani kumlinda polisi wa shaba. Mwaka 1972 sanamu iliondolewa ikaingizwa ndani ya makao makuu ya polisi, na mwaka 1976 ikapelekwa katika ua wa chuo cha polisi.

Nisieleweke kwamba nayasifu matendo ya wale waliotega baruti. Kundi dogo la wanafunzi linalolipua sanamu usiku haliwezi kuchukua nafasi ya chama cha wafanyakazi kilichojipanga, na wale vijana hawakuwa na mizizi viwandani. Ninachotaka kionekane ni kitu kingine: kwa miaka 80 na zaidi sanamu ile haikuweza kupata utulivu katika uwanja iliojengewa.

Msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka jambo linalofanana. Mei 1889, mwezi uleule polisi wa Gelert alipozinduliwa, Hermann von Wissmann aliishambulia boma ya Abushiri bin Salim karibu na Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia Wissmann sanamu Dar es Salaam, na chini yake wakaweka askari Mwafrika anayemtazama bwana wake. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 waliing'oa, na mahali pake, mwaka 1927, wakaweka sanamu ya Askari ambayo bado tunapita kando yake. Wissmann alipelekwa Hamburg, akasimamishwa mwaka 1922 mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1967 wanafunzi wa chuo hicho walimwangusha kwa kamba. Mamlaka yakamrudisha. Mwaka 1968 wakamwangusha tena, na safari hiyo hakurudishwa mahali pake. Wanafunzi wale wa Hamburg walikuwa hawajazaliwa Abushiri aliponyongwa, wala baba zao wengi. Hata hivyo walijua mnara ule unasema kwa niaba ya nani.

Mnara wa Waldheim haukuwekewa mlinzi wa saa 24. Mwaka 1893 wageni waliokuja Chicago kuona Maonyesho ya Dunia walikwenda makaburini kuuona. Baadaye watu wa mapambano waliomba kuzikwa karibu nao: Emma Goldman mwaka 1940, Lucy Parsons, mjane wa Albert Parsons, mwaka 1942, Elizabeth Gurley Flynn mwaka 1964. Mwaka 1997 serikali ya Marekani yenyewe, iliyokuwa imesherehekea vitanzi, iliuorodhesha kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa.

Katika mtaa wa Desplaines, mahali hasa lilipokuwa lile gari la kukokotwa alilosimama Fielden, hapakuwa na kumbukumbu ya wafanyakazi mpaka mwaka 2004, ilipozinduliwa kazi ya mchongaji Mary Brogger: gari la mbao lililogeuzwa kuwa shaba, na juu yake na pembeni yake watu wasio na nyuso maalumu ambao huwezi kusema kwa hakika kama wanalijenga au wanalibomoa. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa chama cha polisi walihudhuria pamoja, na maneno yaliyoandikwa yalijadiliwa kwa muda mrefu ili pasiwe na upande wa kuudhika. Maoni yangu ni kwamba maridhiano hayo yameinyamazisha sanamu kwa kiasi fulani. Lakini vyama vya wafanyakazi vya nchi mbalimbali vimekuwa vikifika Mei Mosi na kubandika vibao vyao katika kitako chake, kila kimoja kwa lugha yake, na vibao hivyo vinasema yale ambayo kamati ilishindwa kuyasema.

Polisi wa Gelert naye alitolewa tena katika ua wa chuo na kuzinduliwa upya tarehe 1 Juni 2007 mbele ya makao makuu ya polisi ya Chicago. Kitako chake cha zamani kilibaki kitupu pale karibu na Haymarket, kikiandikwa maandishi ya rangi na wapita njia, mpaka mwaka 1996 kilipoondolewa.